Shomoro wa Tano

Masomo: Luka 12:6-7, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Ayubu 39:13-18



Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi sana: kwenye ushirika wa nyumbani, nje ya kanisa baada ya ibada, hata sokoni. Mnaniuliza hivi: "Mwalimu, tuna wajane hapa. Tuna watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Na wewe kila Jumamosi unachukua vijana wetu mnaenda mtoni kulinda ndege. Hiyo ni huduma ya aina gani?"

Wengine mnauliza mkicheka, wengine mmekasirika kweli. Mchungaji ameniomba niandike jibu katika jarida hili, ili kila mtu alisome akiwa ametulia na kulipima kwa Neno. Sitalijibu mbio mbio, kwa sababu swali lenyewe ni la haki. Mtu ambaye halimsumbui hata kidogo, nafikiri bado hajawatazama wale wajane vizuri.

Kwanza, tunafanya nini huko mtoni

Kwa wale ambao hawajawahi kushuka nasi, wacha nieleze. Mto Thuci mnaujua. Ndio mpaka wa Embu na Tharaka Nithi, na ndio sababu kanisa letu lina Waembu, Wambeere, Wachuka na Wameru wameketi benchi moja. Chini ya pale barabara kuu ya Embu kwenda Meru inapovuka, kuna mahali maji yamekata ukingo ukasimama wima kama ukuta, udongo wa kichanga, urefu wa hatua kama arobaini. Ukuta huo umejaa matundu. Mgeni anaweza kudhani ni ya panya. Ni nyumba za ndege.

Ndege mwenyewe ni yule mla-nyuki mwenye paji jeupe, koo jekundu na mgongo wa kijani. Wengine humwita keremkerem. Huyu hajengi juu ya mti. Anachimba kwa mdomo na miguu, tundu la kama mita moja kuingia ndani ya ukingo, na huko mwisho, gizani, ndiko anakotaga mayai yake meupe. Wanaishi wengi pamoja, ukoo kando ya ukoo, kama ploti ya nyumba za kupanga. Na hawezi kuhamia popote tu. Udongo ukiwa laini mno, tundu linaanguka. Ukiwa mwamba, mdomo hautoboi. Anahitaji ukingo kama ule, na kingo za namna ile si nyingi.

Shida ni kwamba mchanga huo huo ndio unaotafutwa na malori. Vijana wanaanza kuchimba katikati ya mto, na huko hakuna neno. Lakini mchanga wa katikati ukiwa mbali na njia ya lori, koleo linageukia ukingo, maana pale mzigo unaanguka wenyewe. Siku moja ya kazi inaweza kuangusha ukuta ambao ndege wameutumia miaka. Mayai na makinda yanaondoka na mzigo, na dereva hata hajui amebeba nini.

Kazi yetu sisi ni ndogo. Tumesimamisha vijiti na kufunga kamba. Wakati wa kutaga tunakaa pale kwa zamu. Tunaongea na wachimbaji, tunaongea na watoto wanaokuja na manati, tunawaomba wenye mbuzi wanyweshee upande ule mwingine. Tunahesabu matundu yanayotumika na kuandika kwa daftari. Hatulipwi, hatuna sare. Saa nyingi ni kukaa tu chini ya mti, tukila githeri na kukariri mistari ya shule ya Jumapili.

Hoja zenu ni tatu, na zote ni nzito

Hoja ya kwanza ni hiyo ya wajane na karo: mtu ni bora kuliko ndege. Ya pili nimeisikia kwa wazee wetu wa maombi: dunia hii inapita, Yesu yu karibu kurudi, kwa nini tujisumbue na vitu vitakavyoteketea? Ya tatu nimeipata kwa mzee mmoja wa kanisa letu mwenye mizinga ya nyuki. Alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, unamlindia nani huyo? Huyo ni mwizi wangu."

Nianze na ya pili, kwa kuwa Biblia inaijibu waziwazi. Yule Petro aliyeandika kwamba mbingu na nchi zitapita kwa moto hakumaliza kwa kusema basi tukae bure. Alimaliza kwa kuuliza: ikiwa mambo ni hayo, ninyi mnapaswa kuwa watu wa namna gani? Tena mkumbukeni Nuhu. Hakuna mtu aliyejua kwa hakika kuliko yeye kwamba dunia yake inaangamia. Mungu mwenyewe alimwambia. Na Nuhu huyo ndiye aliyeagizwa aingize ndege safinani ili mbegu yao isipotee juu ya nchi. Baada ya maji kukauka, agano la Mwanzo 9 halikufanywa na Nuhu na wanawe peke yao. Ndege wametajwa humo kwa jina. Halafu sisi wenyewe, si tunajua Yesu anarudi? Na bado mwezi wa kumi ukifika tunapanda mahindi. Hakuna anayesema tunakosa imani.

Thamani ya nyongeza

Sasa nije kwa hoja ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa. Yesu mwenyewe alisema tuna thamani kuliko shomoro wengi. Andiko hilo mmenitolea mara nyingi, mkidhani linafunga mjadala. Mimi nadhani ndilo linaloufungua.

Angalieni bei. Mathayo anaandika kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo. Luka anaandika kwamba watano waliuzwa kwa sarafu mbili. Mama yeyote anayeuza katika soko la Runyenjes anaijua hesabu hii bila kalamu. Wawili kwa sarafu moja maana yake ni wanne kwa sarafu mbili. Wa tano ametoka wapi? Wa tano ni nyongeza. Ni lile embe moja dogo analotupiwa mteja mwishoni ili arudi kesho. Shomoro wa tano hana bei kabisa. Muuzaji hakupoteza kitu kwa kumtoa, mnunuzi hakulipa kitu kwa kumpata. Na Bwana wetu anasema kwamba katika hao watano hakuna hata mmoja aliyesahauliwa mbele za Mungu. Hata yule wa nyongeza.

Kisha, baada ya kusema hivyo, ndipo anapotuambia tusiogope, maana sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Sasa fikirini nami. Kama shomoro si kitu mbele za Mungu, faraja hiyo ni ya nini? Ukiniambia nina thamani kuliko sufuri nyingi, hujaniambia neno. Sufuri mara elfu ni sufuri. Maneno ya Yesu yana nguvu kwa sababu tu yule ndege mdogo ana thamani kweli, na Baba anamwona kweli. Anayelitumia andiko hili kusema ndege si kitu amekata tawi alilolikalia. Na huyo mjane mnayemtaja, mwenye kuamka saa tisa usiku akijiuliza kama Mungu anamkumbuka, amelikalia tawi hilo hilo.

Tena niseme jambo jingine. Mjane wetu amekosa msaada kwa sababu gani hasa? Ni kwa sababu dunia imempigia hesabu ikaona hana cha kurudisha. Hana mtoto mwenye kazi Nairobi, hana shamba la kugombaniwa, hana cha kutoa kwenye harambee. Kwenye soko la wanadamu yeye naye ni nyongeza. Jicho linalompita yule ndege kwa sababu halipi ndilo hilo hilo litakalompita mama huyu kwa sababu hawezi kulipa. Luka 14 inatuagiza tukifanya karamu tuwaite wasioweza kutualika nao. Mimi huwaambia vijana wangu kwamba ndege ni darasa la kwanza la somo hilo. Hatawahi kusema asante. Hatajua jina lako. Ukimwokoa ataruka, na atakapotua tena hatakukumbuka. Waswahili walisema: tenda wema uende zako. Kijana aliyejifunza kukaa saa tatu juani kwa ajili ya kiumbe kama huyo, nikimtuma akamchotee maji bibi asiyeona, haniulizi atapata nini.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Saa ni saa, na Jumamosi ni moja kwa wiki. Kama siku ya ndege inagongana na siku ya mjane, mjane ashinde na ndege wangoje. Yesu alisema tuna thamani zaidi, na mimi namwamini. Ndiyo maana mwaka huu tumeahirisha zamu mara mbili, mara moja kwa ajili ya mazishi na mara moja kumvunia mahindi mama mmoja aliyekuwa amelazwa. Lakini nimeona pia hili: hakuna aliyewahi kumwuliza ndugu anayetazama mpira wa Uingereza kila Jumamosi jioni kwamba wajane je? Swali la wajane tunalikumbuka mtu akienda kwa ndege. Tungelikumbuka siku zote, tungekuwa na wajane wenye shibe.

Mzee wa mizinga, na sheria ya kiota

Yule mzee wa nyuki hakusema uongo. Ndege huyu anakula nyuki kweli. Anamkamata hewani, anarudi kwenye tawi, anampigapiga na kumsugua hadi mwiba utoke, kisha anammeza. Na mama anayelima mtama na wimbi kule chini atakuambia hadithi nyingine ndefu, ya kwelea, wanaoshuka kama wingu. Mimi sihubiri kwamba ndege wote ni rafiki wa shamba.

Ndiyo maana naipenda sheria ya Kumbukumbu la Torati 22. Wengi wetu tumeisoma tukaipita, maana ni fupi na imekaa katikati ya mambo ya ng'ombe waliopotea na ukingo wa dari. Inasema hivi kwa maneno yangu: ukiwa njiani ukikuta kiota, juu ya mti au chini ardhini, na mama amelala juu ya mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na watoto. Makinda unaweza kuchukua. Mama mwache aende.

Ona Mungu alivyo wa kweli. Hakumwambia msafiri mwenye njaa afe na njaa yake. Alimruhusu ale. Alichomkataza ni kuchukua matunda na mti kwa mkono mmoja. Usimalize chanzo. Na ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo ndogo ni ile ile iliyofungwa kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama: upate heri, na siku zako ziwe nyingi. Ndege na mzazi, ahadi moja! Nafikiri ni kwa sababu amri zote mbili zinamlinda yule ambaye uhai unapitia kwake. Wazee wetu wa Kiswahili nao walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Basi nilimrudia yule mzee nikamwuliza, "Baba, ukirina asali, unatoa masega yote?" Akanitazama kama mtoto. "Ukitoa yote nyuki watahama," akasema, "lazima uwaachie yao." Nikamwambia, "Basi baba, umeishika Torati miaka hamsini." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Lakini nikiwakuta kwa mizinga yangu nitawafukuza." Nikamwambia afukuze, sheria haimzuii. Hajajiunga na kikundi chetu na sidhani atajiunga. Ila juzi nimeambiwa aliwakemea watoto waliokuwa wanaingiza vijiti kwenye matundu.

Zingatieni pia kwamba sheria hiyo imetaja kiota cha ardhini. Huku kwetu kanga na kwale wanataga chini kwenye majani, na watoto wetu wanayajua mayai hayo vizuri. Katika Ayubu 39 Mungu anamtaja mbuni, ambaye wenzetu wa Meru wanaweza kumwona katika mbuga ya Meru, na anasema anaacha mayai yake mavumbini bila kufikiri kwamba mguu waweza kuyaponda. Mungu anasema ni Yeye mwenyewe aliyemnyima mbuni akili hiyo. Nimejiuliza sana: kama mama hana akili ya kulilinda yai, nani atalilinda? Naona limebaki mikononi mwa yule mwenye mguu. Mbuni hawezi kuwaza habari za mguu wetu. Sisi tunaweza.

Tusiwafanye ndege malaika

Niongeze tahadhari. Wako wataalamu wawili wa Marekani, Stephen Emlen na Peter Wrege wa Chuo Kikuu cha Cornell, waliomchunguza ndege huyu huyu kwa miaka mingi hapa kwetu Kenya, upande wa Nakuru na Gilgil. Waliona ajabu. Ndege ambaye kiota chake kimeharibika, akapoteza makinda, mara nyingi haendi kukaa peke yake. Anakwenda kwa jamaa yake na kusaidia kulisha watoto wasio wake, na viota vyenye wasaidizi hukuza makinda wengi zaidi. Nilipowasimulia kikundi jambo hilo, dada mmoja wetu aliyezika mtoto mwaka juzi alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nimpe darasa la watoto wadogo, afundishe.

Ungetaka kuishia hapo, si ndiyo? Lakini wataalamu hao hao waliandika mwaka 1992 kwamba wakati mwingine baba humsumbua mwanawe anayeanza nyumba yake, akamfuatafuata na kumzuia kiotani, mpaka kijana akate tamaa arudi kumsaidia mzee kulea. Haya, na wazee wa namna hiyo tunawajua hapa kijijini! Kwa hiyo sisemi ndege ni mfano mwema wa kuigwa kila jambo. Kitabu chetu ni Biblia. Ndege hatumlindi kwa sababu ya tabia yake njema, kama ambavyo Mungu hakututafuta sisi kwa sababu ya tabia zetu.

Wala kazi hii hatukuianzisha sisi. Kule Watamu, pwani, kuna shirika la Kikristo liitwalo A Rocha Kenya, lililoanza mwaka 1999. Mama yake ni A Rocha ya Ureno ya mwaka 1983, na jina hilo kwa Kireno ni mwamba. Wao wanachunguza ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke na wa Mida Creek, karibu na kisiwa kidogo cha mawe ambako buabua wa baharini hutaga juu ya mwamba mtupu. Huko Marekani nako kuna ndege wa ufukweni aitwaye piping plover, mdogo kuliko ngumi, anayetaga juu ya mchanga wazi mayai yanayofanana na changarawe. Tangu mwaka 1986 analindwa na sheria, lakini sheria haiwezi kukaa ufukweni mchana kutwa. Wanaokaa ni watu wa kujitolea. Wanafunga kamba, wanawaomba wapita njia wazunguke na wafunge mbwa wao. Nilipolijua jambo hilo nilifurahi. Kumbe kamba na vijiti vyetu vya Thuci vina ndugu mbali.

Mchanga wa nyumba ya Mungu

Sasa nifike nyumbani, mahali panapouma.

Sheria iko upande wetu. Miongozo ya taifa ya uchimbaji wa mchanga, iliyotolewa na NEMA mwaka 2007, inakataza kuchimba kwenye kingo za mito, na sababu yake haihusu ndege tu: mto ukipoteza kingo unapanuka na kula mashamba. Ukingo uliochimbwa chini pia huanguka, na katika machimbo ya Kenya umeshawafukia watu. Ningeweza kuishia hapo na kuita askari. Lakini wanaopakia mchanga ule ni vijana wetu. Wawili wanaimba kwenye timu ya sifa. Mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, ndege alale kwa ukingo, mimi nilale njaa?"

Sina jibu la mdomo kwa swali hilo. Ukimlinda ndege kwa tumbo la mtu mwingine, hujatoa sadaka, umemtolea jirani yako. Daudi alipopewa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe wa kuteketeza, alikataa, akasema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Alilipa. Basi nasi ikabidi tuulize: nani anayenunua mchanga huu? Na jibu likawa karibu mno, maana sisi wenyewe tunajenga. Hekalu letu jipya linahitaji malori ya mchanga.

Tulikwenda kwa kamati ya ujenzi na maombi mawili: mchanga wa kanisa utoke katikati ya mto tu, wala usitoke ukingoni, na wapakiaji waongezwe malipo kwa ule umbali wa ziada wanaobeba hadi kwenye lori. Kikao kilikuwa kirefu. Mhazini aliuliza pesa zitatoka wapi, na alikuwa na haki kuuliza. Mzee mmoja akafungua Zaburi ya 84, mahali mwimbaji anaposema shomoro naye ameona nyumba, na mbayuwayu amepata kiota cha makinda yake penye madhabahu ya Bwana. Akauliza kwa upole, "Sasa tutajenga madhabahu kwa kubomoa nyumba yake, halafu tusome zaburi hii ndani?" Hakuna aliyejibu haraka. Mwishowe kamati ilikubali, na tofauti ya gharama wale tuliolileta jambo tukaahidi kuichangia sisi kwanza kabla ya kuomba kanisa. Yule kijana wa timu ya sifa sasa anapakia kutoka katikati, analipwa zaidi kidogo. Bado hapendi kutembea ile njia ndefu, na amenifahamisha hivyo.

Mvua ilipokuja

Mwisho, mnaniuliza: na matunda yake yako wapi? Nitawaambia. Mvua ndefu ilikuja na nguvu, Thuci ikafura usiku, na asubuhi karibu nusu ya ule ukuta haikuwepo. Matundu tuliyohesabu baadaye hayakufika nusu ya yale ya kwanza. Ndugu mmoja alinitania, "Mwalimu, Mungu mwenyewe amebomoa!"

Nimelifikiria sana neno lake. Kuna tofauti. Mto ukikata, unaacha ukingo mpya uliosimama wima, na ndege wanaanza kuchimba tena. Ndivyo kingo hizo zilivyotokea tangu mwanzo. Koleo likimaliza linaacha mteremko uliolegea ambao hautumiki tena. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mimi sijapewa ruhusa ya kutwaa kwa niaba yake. Lakini hata kama ukuta wote ungekwenda, bado nisingesema Jumamosi zile zilipotea. Paulo anasema kinachotakiwa kwa mawakili ni waonekane waaminifu. Hakusema waonekane wameshinda mto. Ninyi mnaomwombea mtoto mlevi mwaka wa saba sasa mnanielewa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, wapendwa. Hatuwalindi ndege badala ya watu. Tunakataa kuwa na jicho linalohesabu nani analipa na nani ni nyongeza, na jicho hilo likishapona halichagui pa kutazama. Anayetaka kuja, Jumamosi tunaondoka kanisani saa mbili asubuhi. Beba kofia na maji. Asiyeweza kuja mtoni, kuna orodha ya akina mama wa kutembelewa kwa katibu wa huduma ya wajane. Nafasi ziko wazi sehemu zote mbili.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Soma Luka 12:6-7. Ni nani katika kijiji chetu anayehesabiwa kama shomoro wa tano? Mtaje kwa jina katika maombi, kisha mpange siku ya kumtembelea.

2. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Katika kazi yako, iwe shamba, biashara au mifugo, "mama" unayepaswa kumwacha aende ni nani au ni nini?

3. Kanisa likiamua jambo jema, gharama yake inaangukia nani? Tutajuaje kama tumetoa sadaka au tumemtolea jirani?

Bwana awabariki.